Effie Cargill, fundi aliyepunguza uzito kwa huruma

Saa moja asubuhi, ukungu wa bahari umelala juu ya kijiji cha Balcarrie, na Effie Cargill haoni hata uzio wa bustani yake mwenyewe. Hajali. Yuko ndani ya karakana yake, nyuma ya nyumba, ameilaza fimbo ya gofu juu ya kidole kimoja na anasubiri ichague yenyewe pa kutulia.

Fimbo inayumba kidogo, inainamia upande wa kichwa, kisha inakaa. Effie anaweka alama ya chaki pale kidole kilipo. Anaitoa, anailaza tena. Inatulia palepale.

"Haijahama," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mlango unasukumwa kwa kiwiko. Anaingia mumewe, Dod, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kikombe kimejazwa nusu tu, maana nusu ya juu ingeishia sakafuni. Mikono yake inatetemeka, wa kulia kuliko wa kushoto, na chai inacheza mpaka inapofika mezani.

"Bado unaipima tu?" Dod anauliza. "Ingekuwa ng'ombe ungekuwa umeshamuuza."

"Ningekuuza wewe kwanza, mzee. Shida ni mnunuzi."

"Yule mama wa duka la mikate huwa ananiangalia sana."

"Anakuangalia kwa sababu sweta umeivaa nje ndani."

Dod anajitazama. Ni kweli. Effie anafuta mikono kwenye aproni, anamvua sweta, anaigeuza, anamvisha tena, na wakati wote huo anaendelea kumsema kuhusu mama wa mikate.

Leo ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Hapa Balcarrie, pwani ya Fife, Scotland, ni siku ya wanandoa. Mke na mume hucheza mpira mmoja kwa zamu: huyu akipiga, yule anaufuata ulikoangukia na kuupiga kutoka hapohapo, hata kama ni ndani ya miiba, kuanzia shimo la kwanza hadi la mwisho. Hapo hakuna wa kumsingizia. Mpira mbaya uliokutana nao umetoka kwa mtu mnayelala kitanda kimoja. Wenyeji wanasema ndoa iliyoivuka siku hiyo bila kununiana imeuvuka mwaka.

Waliofiwa na wenzao hawachezi. Wao husimama kwenye jumba la klabu, nyuma ya meza ndefu, wakigawa supu ya samaki wa moshi na viazi. Meza ile haina jina rasmi, lakini kila mtu anaiita meza ya wajane.

Effie na Dod hawajaikosa siku hii hata mara moja tangu walipooana. Mwaka huu, hadi katikati ya Agosti, ilionekana wazi kwamba wangeikosa.

"Nilishaanza kujiona nimeshika upawa," Effie anasema. "Mume wangu yu hai, anapumua, anakoroma usiku kucha, halafu mimi nimesimama na wajane nagawa supu."

Effie ana miaka sitini na mitatu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na ulimi usio na breki, na ukimkuta kazini usitegemee atainua macho kukuamkia. Kazi hii ya kutengeneza fimbo za gofu aliirithi kwa baba yake, Eck, aliyetaka mtoto wa kiume akapata mabinti wanne. Watatu walikimbia harufu ya gundi. Effie aliipenda.

Anatoza pauni kumi na nane kubadilisha mpini mmoja wa fimbo, ukiacha bei ya mpini wenyewe. Majira ya joto wageni wanapofurika, kazi inamtosha na kubaki. Januari hupita wiki nzima bila mtu kugonga mlango, na hapo wanaishi kwa pensheni ya Dod, aliyekuwa mpeleka barua wa kijiji hiki mpaka alipostaafu. Gofu ya Balcarrie si ya matajiri. Uwanja ni malisho ya zamani ya kijiji, na ukiwa na buti na mbwa unaruhusiwa kukatiza katikati, mradi uinamishe kichwa mtu akikuonya.

Fimbo ya gofu, kwa maelezo ya Effie, ni vitu vitatu: kichwa kinachopiga, mshikio unaoshikwa, na mpini mrefu unaoviunganisha. Watu huja wakisifia kichwa. Kichwa kinang'aa, kina jina la kampuni, ndicho kinachotangazwa. Effie huwaacha wamalize, kisha huuliza habari za mpini.

"Kichwa kinapiga, sawa," anasema. "Lakini utajuaje kiko wapi wakati kiko nyuma ya mgongo wako? Hukioni. Unakisikia mikononi, na habari zake zinapita kwenye mpini. Mpini ukiwa mwepesi mno, habari hazifiki. Ukiwa mzito mno, unachoka kabla ya kurudi nyumbani."

Wateja wengi hudhani uzito ni wa aina moja, na wao wanataka kidogo. Effie hupima uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni wa fimbo nzima, na huo anaupata kwenye mizani ya jikoni, ileile ya kupimia unga. Wa pili ni namna kichwa kinavyolemea mtu aliyeshika upande wa pili. Kwa huo ana mizani ndefu aliyoachiwa na baba yake: fimbo inalazwa juu yake, inaegemezwa karibu na mshikio, na kipimo kinaonyesha kichwa kinavuta chini kwa nguvu gani.

Ukitoa mpini wa chuma na kuweka mwepesi wa nyuzi za kaboni, vyote viwili vinashuka. Fimbo nzima inakuwa nyepesi, na kichwa nacho kinapungua kulemea mikononi, maana sehemu kubwa ya mpini iko upande wa kichwa. Fundi mzuri hubandika madini ya risasi kidogo kichwani, na mizani ndefu inarudi pale ilipokuwa. Mteja anaondoka ameridhika, au anadhani ameridhika.

Haya yote Effie aliyajua tangu ana meno ya utotoni. Ndiyo maana kilichotokea kwa mumewe kinamuuma mpaka leo.

Ilianza majira ya baridi, miaka mitatu iliyopita, kwa vifungo vya shati. Dod alikuwa anachelewa kanisani kwa sababu ya vifungo. Halafu kijiko, halafu mkono mzima. Daktari wa mji wa Dundee aliutaja ugonjwa kwa jina lake, Parkinson, na akaeleza kwa upole kwamba dawa zipo za kuutuliza, ila za kuuondoa hazipo.

"Dod aliuliza swali moja tu," Effie anakumbuka. "Aliuliza kama ataweza kucheza. Daktari akamwambia acheze mpaka ashindwe. Tukaingia kwenye gari. Tulipomaliza kuvuka daraja la kurudi Fife akasema njaa inamuuma, tukanunua pai tukala palepale garini. Sikumbuki ilikuwa ya nini."

Nyumbani, Effie alifanya kile anachokijua. Alizibana fimbo za Dod kwenye jiliwa, moja baada ya nyingine, akaipasha moto gundi ya zamani, akaing'oa mipini ya chuma aliyomwekea mwenyewe walipokuwa vijana. Akaweka ya kaboni, isiyofika nusu ya uzito ule. Akabandika risasi vichwani, akalaza kwenye mizani ya baba yake. Namba zikawa zilezile za zamani.

"Niliona mkono unatetemeka, nikaona mkono uliochoka," anasema. "Mtu akichoka unampokea mzigo, sivyo? Ndivyo tulivyolelewa."

Dod akazijaribu. Akasema, "Nzuri sana, mama."

Wiki hiyohiyo akaanza kupiga mipira pembeni. Mpira ambao angeupiga akiwa amefumba macho ukawa unaruka kulia kama uliotishwa. Mara nyingine alichota nyasi nyuma ya mpira, mara nyingine fimbo ilipita juu hewani na mpira ukabaki pale unamtazama. Effie akaona bado ni nzito. Akanunua mipini myepesi zaidi, ya bei kali, ile wanayowekewa watoto na mabibi wa miaka tisini. Dod akazishika, akatabasamu, akasema, "Hizi ndizo, mama. Nzuri sana." Kipya kinyemi ingawa kidonda, na Dod aliletewa kipya kila baada ya miezi michache.

Aprili mwaka huu akaacha kwenda uwanjani. Kwanza alisema ni goti. Baadaye akasema ni upepo, naye ni mtu aliyepeleka barua katika dhoruba miaka yote ile. Mwishowe akasema gofu ni mchezo wa wazee, na yeye ana sitini na minane. Mfuko wake wa fimbo ukakaa kwenye ujia wa nyumba, kila mtu anaupita kwa ubavu.

Effie hakumlazimisha. Alijua ni ugonjwa. Daktari si alisema acheze mpaka ashindwe? Basi, ameshindwa. Julai ilipobandikwa karatasi ya kujiandikisha kwa siku ya wanandoa, Effie aliipita bila kuisoma.

Badala ya gofu, Dod alianza kumtembeza mbwa jioni. Mbwa wao, Skerry, ni mzee na mvivu, lakini ghafla akawa mbwa wa matembezi marefu.

Aliyefichua siri ni Wattie Gourlay, mtunza uwanja, rafiki wa Dod tangu shule ya msingi. Alikuja karakanani siku moja ya Agosti na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Shemeji, mwambie mumeo akichimba arudishie udongo," alisema. "Kule mwisho ananichimbulia nyasi kama sungura."

"Mume wangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Wattie, Dod hajagusa fimbo tangu Aprili."

Wattie akaangalia dari, akaangalia mlango. "Basi mimi sijasema kitu," akasema.

"Umeshasema. Kaa hapo."

Akakaa. Kwa Effie Cargill hata mapadri hukaa. Akaeleza kwamba Dod huenda kila jioni nyuma ya vichaka vya miiba, mahali ambapo hapaonekani kutoka njiani, na hupiga mipira kuelekea baharini mpaka Skerry achoke kuisaka. Fimbo aliichukua kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa klabuni. Ni chuma cha kale, mpini mzito, mshikio umezungushiwa utepe mara kadhaa na mtu asiyejulikana.

"Mimi nilikuwa naigongea vigingi ile," Wattie alisema. "Ni nanga, si fimbo. Nilimwambia hivyo hivyo."

"Anapigaje?"

Wattie alifikiri. "Si mbaya," akasema.

Mgeni anaweza kulipuuza neno hilo. Balcarrie kuna watu wamecheza maisha yao yote, wakazikwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.

"Wivu ulinishika," Effie anakiri. "Nakwambia ukweli. Bora angekuwa anamfuata mama wa mikate. Ningejua pa kuanzia."

Jioni hiyo aliwafuata, mzee na mbwa, kwa mbali. Akasimama nyuma ya vichaka. Anaikumbuka picha ile yote. Dod alisimama mbele ya mpira na mikono yake ilikuwa inatetemeka kama kawaida. Akainyanyua ile nanga kutoka kwenye nyasi, na alipouruhusu uzito wake ushuke mikononi, mikono ikapungua kutetemeka. Haikuacha kabisa, lakini ilipungua. Akaipeleka fimbo nyuma polepole, kwa mwendo wake wa zamani, mwendo ambao Effie alidhani umekwenda na hautarudi, na mpira ukaondoka kwa mlio safi.

Skerry ndiye aliyemwona. Akaja akitingisha mkia.

"Effie," Dod akasema.

"Goti limepona?"

"Mama, ngoja nikwambie."

"Na upepo? Leo umeuona upepo au nikuonyeshe?"

Dod aliegemea fimbo. Hakuwa na pa kukimbilia, bahari iko nyuma. "Zile zako nilikuwa sizisikii," akasema. "Nazishika, nasikia mikono yangu tu. Kutetemeka kwangu tu, mpaka chini kule kichwani. Naharakisha ili yaishe. Hii nikiishika, naisikia yenyewe."

"Miaka miwili, Dod. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaimba."

"Nini?"

"Ulipokuwa unazitengeneza. Nilikuwa nakusikia kutoka jikoni. Tangu tulipotoka Dundee ulikuwa hujaimba. Sasa mimi ningekuja kukwambia hazifai?"

Effie alikaa chini kwenye nyasi na kulia. Hakulia kidogo. Alilia mpaka Skerry akaja kumlamba, na Dod akashuka chini naye, jambo ambalo kwake si dogo, na ikabidi baadaye Wattie aje na kigari cha kukatia nyasi kuwainua wote wawili. Effie anapoisimulia habari hiyo anacheka, halafu anafuta macho kwa aproni yenye gundi.

Mficha uchi hazai. Hawa wawili walikuwa wamefichana kwa upendo, kila mmoja akimlinda mwenzake, na siku yao ya wanandoa nusura iishie kwenye meza ya supu.

Kesho yake Effie aliilaza ile nanga kwenye mizani ndefu ya baba yake. Ilisoma karibu sawa na fimbo nyepesi alizomtengenezea Dod. Kichwa kilivuta vilevile. Kisha akaiweka kwenye mizani ya unga, na hapo ndipo tofauti ilipokuwa. Ilizidi mno. Kumbe mizani moja alikuwa ameitazama kwa makini, na ya pili alikuwa anafurahi tu kuiona ikishuka.

"Ningekuwa mteja wangu ningejifukuza," anasema. "Kitu chepesi kinatikiswa na kila kitu. Kitu kizito hakitikiswi ovyo. Hilo namwambia kila mtu anayeingia hapa. Kwa Dod nililisahau, kwa sababu kwa Dod sikuwa fundi. Nilikuwa mke aliyeogopa."

Wattie aliposikia, alisema mganga hajigangi, na akakosa biskuti za siku hiyo.

Effie hadai kwamba amegundua dawa. Kuna bwana mmoja wa kijiji cha pili, mwenye ugonjwa uleule, ambaye fimbo nzito zilimshinda kabisa na akarudi kwenye nyepesi. "Kila mikono ina lugha yake," anasema. "Kosa langu halikuwa kaboni. Kosa langu ni kwamba sikuuliza, na nilipouliza, niliuliza kwa sura ya mtu anayetaka kuambiwa ndiyo."

Hata Dod, ile nanga ilimfaa kwa mashimo machache tu. Baada ya hapo mabega yalilalamika. Alihitaji uzito, lakini haikufaa wote ukae mbali naye. Kwa hiyo Effie alichukua mpini mzito wa chuma, akaukata ukawa mfupi kidogo ili kichwa kisimvute, kisha akapachika kipande cha shaba ndani ya ncha ya juu, chini ya mshikio, uzito ukae kwenye viganja vyenyewe.

Safari hii majaribio yalikuwa na masharti. Neno "nzuri" lilipigwa marufuku karakanani. Anayelitamka anapika chakula cha jioni, na Dod akipika hata Skerry hutoka nje.

"Haya, inasemaje?" Effie alimuuliza alipomkabidhi ya kwanza.

"Inanivuta huku."

"Huku wapi?"

"Kidole gumba. Kama mtoto anayetaka kwenda dukani."

Akapunguza shaba. Dod akaishika tena, akaipeleka nyuma, akairudisha.

"Sasa?"

"Imenyamaza."

"Imenyamaza vibaya?"

"Hapana. Mikono ndiyo imenyamaza," Dod alisema, na Effie ikabidi ageuke kama anayetafuta koleo.

Usiku huo alikwenda klabuni na kuandika majina yao kwenye karatasi. Yalikuwa ya mwisho.

Jumamosi hii, saa nne kasorobo, ukungu unaanza kupasuka. Kwanza unaonekana mnara wa kanisa, kisha ukuta wa mawe kando ya shimo la kwanza, kisha watu waliokaa juu ya ukuta. Wamekuja wengi. Hakuna aliyesema kwa nini, lakini kijiji ni kidogo na Wattie ana mdomo.

Kila jozi ya wanandoa huchagua nani apige mpira wa kwanza. Kila mtu anategemea atakuwa Effie, maana wa kwanza hupigwa mbele ya macho ya watu wote. Effie anachomoa fimbo kwenye mfuko na kumpa mumewe.

Kwenye dirisha la klabu wanawake wa supu wamesimama na aproni zao. Mmoja ameshika upawa na anasahau kuuweka chini.

Dod anainama kuuweka mpira juu ya kijiti chake. Mpira unaanguka. Anauokota, anauweka, unaanguka tena na kubingirika hadi kwenye kiatu chake. Ukutani hakuna anayecheka, hata wale ambao kazi yao ni kucheka. Dod anabaki ameinama, na shingo yake imekuwa nyekundu.

Effie anakwenda, anachuchumaa, anauweka mpira.

"Kwa hili sina fimbo ya kukutengenezea," anamwambia.

Dod anacheka, na mabega yake yanashuka. Anasimama. Anaishika fimbo, anaiacha imlemee, na mikono yake inatulia kiasi chake, kile inachoweza. Anaipeleka nyuma bila haraka. Inafika juu, inangoja kidogo, inashuka.

Mpira hauendi mbali. Zamani angeupeleka mara mbili ya pale. Lakini unakwenda katikati, umenyooka, unadunda kwenye nyasi fupi na kukaa.

Kutoka ukutani mzee mmoja anasema, "Si mbaya."

Dod anajifanya hakusikia. Anatembea kuufuata mpira akiwa ameinua kidevu, na Effie anavuta mfuko nyuma yake huku machozi yakimtoka waziwazi. Ni zamu yake kupiga. Anapiga bila kuona vizuri, na mpira unakwenda moja kwa moja kwenye shimo la mchanga.

"Nimekupa mpira wa kifalme," Dod anasema, "umeenda kuuzika."

"Nyamaza uingie ukaufukue."

Hawakushinda. Walifungwa na mke na mume wa duka la samaki, mapacha wa ndoa kama wanavyoitwa, wasiocheka na mtu wakiwa uwanjani. Mashimo ya mwisho Dod alichoka, akapiga mipira miwili ambayo hata Skerry aliionea haya. Lakini walifika mwisho, na hawakununiana.

Sasa wamekaa ndani, mbele ya mabakuli ya supu, upande wa meza wanaokalia wanaohudumiwa. Effie anazungumzia majira ya baridi. Anataka kumalizia fimbo zote za Dod, kwa sababu mpaka leo ziko tayari nne tu. Anataka pia, Januari ile ya kukaa bure, karakana iwe wazi kwa yeyote mwenye mikono inayotetemeka. Aje ashike, aseme anachosikia, aondoke. Wa kununua atanunua, na chai itakuwepo kwa wote.

"Nusu kikombe," Dod anasema.

Anapoulizwa kuhusu mwaka ujao, Effie anakoroga supu kwanza. "Daktari alisema wazi kwamba huu ugonjwa haurudi nyuma," anasema. "Nitamwongezea uzito kila baridi kadiri anavyohitaji. Lakini uzito nao una mwisho. Itafika siku hataweza kukibeba kile kinachomtuliza. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu."

"Siku hiyo atapiga yeye, zamu yake na yangu," Dod anasema. "Mimi nitatembea pembeni nimwambie alipokosea."

"Sheria haikubali," Wattie anasema kutoka meza ya jirani.

"Basi watutoe," Effie anasema. "Tutacheza siku isiyo na watu. Mpira mmoja, sisi wawili."

Mkono wa kulia wa Dod uko juu ya meza na umeanza kutetemeka tena, maana siku imekuwa ndefu. Kijiko kando yake kinagonga bakuli. Effie anauweka mkono wake juu ya ule wa mumewe na kuulemea, bila kuacha kuzungumza na Wattie, mpaka kijiko kinanyamaza. Kisha anamgeukia Dod.

"Mzito?" anamuuliza.

"Ongeza," anasema Dod.